Mkono Gizani

Usiniambie kwanza unakwenda wapi.
Mwaga vitu vyako hapa mezani.

Ndivyo ninavyowaambia wote wanaokuja kibandani kwangu,
Newala, nyuma ya soko, ubavuni mwa mashine ya kusaga,
na wengi huona haya,
maana begi la mtu ni siri aliyoifunga kwa goti.
Lakini fundi asiyejua umebeba nini
atakushonea gunia lenye mkanda.

Nilianza vibaya.
Begi la kwanza nililitia bitana ya mfuko wa salfa,
salfa hii hii ya mikorosho: mfuko mgumu, haupitishi maji.
Nikajisifu.
Bwana Nambunga akasafiri nalo hadi Dar, harusi ya mpwawe,
akakaa ukumbini na kanzu inayonuka shamba zima.
Aliporudi hakunitukana.
Aliliweka hapa, akalifungua,
akaniacha ninuse.

La pili nilifundishwa na vumbi.
Vumbi la kuteremkia Masasi huingia hata ndani ya yai,
zipu kwake ni hodi tu.
Basi nikaishonea zipu kope,
ulimi wa turubai unaoilalia
kama jicho lifanyavyo upepo ukija.

Alfajiri moja nikaenda stendi, futi shingoni,
nikapiga magoti kupima uvungu wa kiti cha basi.
Konda akauliza: unapima jeneza?
Sentimita thelathini na mbili, nikamjibu,
maiti gani huyo?
Namba ile niliiandika ukutani kwa chaki.
Mke wangu anaamini ni deni.

Mimi mwenyewe sijavuka Mtwara mjini.
Safari zangu zote nimezifanya ndani ya mabegi ya watu:
najua ming'oko hukaa chumba cha chini, peke yake,
kwa kuwa ina udongo,
na shangazi wa Mbagala huutaka huo udongo,
ausugue kwa kidole, aamini.
Najua nguo ikiviringishwa hulala vizuri kuliko ikikunjwa.
Najua chaja hupotea hata ukiifunga kamba.

Halafu akaja Somoe.

Akamwaga: kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne,
chupa mbili za dawa, kanga, chupa ya maji,
soksi moja ya mtoto,
kijiko.
Kila mwezi Ndanda, akasema.
Na siku nyingine si siku ya kadi, ni usiku, ni ghafla,
mtoto analia mifupa, bodaboda inanguruma uani,
umeme hakuna,
natafuta kadi nashika kanga,
natafuta dawa nashika kijiko.

Siku hiyo futi niliiacha msumarini.
Nilifumba macho, nikamwambia naye afumbe,
nikamtajia kitu kimoja kimoja,
nikasikiliza mkono wake ukianzia wapi.
Ulianzia kushoto. Kila mara, kushoto.

Basi dawa zikakaa kushoto, mdomo wa mfuko ukiwa wa kodrai,
ile mistari mtu huijua hata akiwa usingizini.
Kadi nikaipa ukingo wa shuka kuukuu, laini.
Maji, kifungo cha mpingo, baridi kidoleni.
Kijiko sikujua nikiweke wapi.
Kiweke popote, akasema, kitajileta chenyewe.

Ikapita miezi saba. Akarudi mchana, begi begani.
Fundi, toa huu mfuko wa kodrai.
Mguu wangu ukaganda juu ya cherehani.
Yako maswali ambayo fundi hayaulizi.
Nikachukua wembe, nikaanza kufumua,
uzi baada ya uzi, nikiangalia uzi tu.

Twahiri anautaka kwenye mkoba wake, akasema.
Juzi usiku aliwahi yeye kuzitoa,
mimi bado natafuta kiberiti.

Nilicheka peke yangu, kwa sauti, kama mwehu.

Mkoba wa mtoto niliumaliza kabla ya adhuhuri.
Lile begi kubwa nililiacha lilivyo,
na kushoto, mahali palipofumuliwa,
matundu ya sindano bado yapo mstari mmoja.
Somoe anasema mkono wake
huanzia pale pale.